Jinsi kompyuta inavyoufuata moshi unaovuka mipaka

Na Mwandishi Wetu

ALHAMISI ya Aprili 15, 2010, maua ya waridi yaliyovunwa katika mashamba ya kando ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya, yalipelekwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi kama ilivyo desturi. Safari hii hayakuondoka.

Ndege zilizotakiwa kuyafikisha Amsterdam na London zilikuwa zimezuiwa. Anga ya Uingereza ilifungwa siku hiyo, na katika muda mfupi sehemu kubwa ya anga ya Ulaya Kaskazini ikafungwa pia.

Kwa makadirio yaliyotolewa na wasafirishaji wa mazao wakati huo, Kenya ilikuwa ikipoteza kati ya dola milioni mbili na tatu za Marekani kila siku. Maua yalitupwa kwa tani na kugeuzwa mboji, na maelfu ya vibarua wa mashambani wakaambiwa wabaki nyumbani hadi watakapoitwa.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa volkeno ya Eyjafjallajökull huko Iceland, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Naivasha, ambayo siku moja kabla ilikuwa imeanza kurusha majivu angani.

Hata hivyo, abiria waliokwama London wakitazama juu waliona mbingu ya buluu. Kilichozifunga njia za ndege hakikuwa wingu lililoonekana kwa macho, bali ramani iliyochorwa na kompyuta, ikionyesha mahali ambapo majivu yalitarajiwa kuwapo saa sita, saa kumi na mbili na saa kumi na nane baadaye.

Ramani hiyo ilitokana na programu iitwayo NAME, mali ya idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Programu za aina hiyo, ambazo wataalamu huziita modeli, ndizo zinazotumika leo duniani kujua moshi, vumbi, majivu ya volkeno na gesi za viwandani vinatoka wapi na vinakwenda wapi. Historia yake ilianza na samaki.

Samaki waliokufa Skandinavia

Katika miaka ya 1960, wavuvi wa kusini mwa Norway na Sweden walishuhudia samaki wakitoweka katika maziwa yaliyokuwa mbali na kiwanda chochote. Maji yake yalikuwa maangavu, lakini yalikuwa yamejaa tindikali.

Mwaka 1967, mtaalamu wa udongo wa Sweden, Svante Odén, alitoa maelezo yake. Alisema mvua iliyokuwa ikinyesha nchini mwake ilikuwa na tindikali, na kwamba salfa iliyoisababisha ilitoka nje, katika makaa ya mawe yaliyokuwa yakichomwa Uingereza na Ulaya ya Kati. Odén hakusubiri majarida ya kitaalamu. Alichapisha hoja hiyo katika gazeti la kila siku la Dagens Nyheter, jambo ambalo sisi wa magazeti tuna haki ya kulikumbuka kwa fahari kidogo.

Nchi zilizotuhumiwa hazikukubali. Uingereza ilikuwa na sababu ya pekee ya kusitasita, kwani baada ya moshi mzito ulioua maelfu ya wakazi wa London mwaka 1952, ilitunga sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 na kuendelea kujenga vituo vya umeme vyenye mabomba marefu ya moshi. Miji ikapata nafuu. Moshi haukupungua, ulipandishwa juu zaidi, mahali ambapo upepo ungeweza kuuchukua mbali.

Swali likawa la ushahidi. Molekuli ya salfa iliyoanguka katika ziwa la Norway haina muhuri wa nchi ilikotoka. Ungewezaje kuthibitisha kwamba ilitoka Yorkshire na si Oslo?

Kuanzia mwaka 1972, nchi 11 za Ulaya zilishirikiana chini ya shirika la ushirikiano wa kiuchumi, OECD, katika mradi ulioratibiwa kutoka Norway. Vituo vya kupima mvua na hewa viliwekwa, ndege zikatumwa kupima hewa juu ya bahari, na wataalamu wa hali ya hewa, miongoni mwao Anton Eliassen wa Norway, wakaunda modeli iliyofuata mkondo wa hewa hatua kwa hatua hadi ilikoanzia.

Hesabu zake ni rahisi kuzionja hata bila kompyuta. Upepo wa kawaida wa mita 10 kwa sekunde ni sawa na kilomita 36 kwa saa, yaani kilomita 864 kwa siku moja. Gesi ya salfa dayoksaidi hukaa hewani siku moja hadi tatu kabla ya kutua au kubadilika, na chembe zinazozaliwa kutokana nayo zaweza kukaa hadi wiki nzima. Kwa mwendo huo, kuvuka Bahari ya Kaskazini si safari ndefu.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 1977 yalionyesha kuwa sehemu kubwa ya salfa iliyoanguka Norway na Sweden ilitoka nje ya nchi hizo. Mwaka huo huo ukaanzishwa mpango wa kudumu wa ufuatiliaji, ujulikanao kwa kifupi EMEP, na Novemba 13, 1979, nchi za Magharibi na za kambi ya Kisovieti zikatia saini mjini Geneva mkataba wa kudhibiti uchafuzi wa hewa unaosafiri masafa marefu. Ulianza kutumika mwaka 1983.

Jedwali la lawama

Modeli za awali za EMEP ziliigawa Ulaya katika miraba yenye upana wa kilomita 150. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kupata picha: mraba mmoja tu wa aina hiyo ungeimeza Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo kwa pamoja na kukaribia Morogoro, na kompyuta ingeona eneo lote hilo kuwa na hewa ya aina moja. Baadaye miraba ilipungua hadi kilomita 50, na sasa hesabu hufanywa kwa miraba ya sehemu moja ya kumi ya digrii, ambayo ingekuwa kama kilomita 11 huku kwetu Ikweta.

Zipo njia mbili kuu za kufanya kazi hiyo. Ya kwanza ni kuzifuata chembe zenyewe: kompyuta huachilia maelfu ya chembe za kufikirika kutoka kwenye chanzo, kisha huzisukuma kwa upepo uliotabiriwa na kuziyumbisha kidogo kwa kubahatisha, kwa kuwa hewa halisi nayo huvurugika. NAME hufanya hivyo. Ya pili ni kuigawa anga katika vyumba vilivyopangwa kwa tabaka, kisha kuhesabu kila baada ya dakika chache kilichoingia, kilichotoka na kilichobadilika ndani ya kila chumba.

Tofauti yake ni kama ya kuhesabu abiria wa mabasi ya mikoani. Waweza kupanda basi Mbezi na kumfuata abiria wako hadi Arusha. Au waweza kuweka mtu Chalinze, mwingine Korogwe na mwingine Moshi, kila mmoja akiandika wanaopanda na wanaoshuka. Njia ya kwanza hufaa pale chanzo kinapokuwa kimoja, mathalani kiwanda kilicholipuka. Ya pili hufaa pale vyanzo vinapokuwa maelfu na kemia ikawa ngumu.

Njia zote mbili zahitaji kuambiwa kiasi cha uchafu kinachotoka, kimo kinakofika, upepo wa kila tabaka, na mahali mvua inaponyesha. Kimo ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Moshi wa jiko la mkaa hubaki mtaani, lakini moshi wa volkeno au wa moto mkubwa wa msitu hupanda hadi kwenye pepo zenye kasi, na katika kimo tofauti pepo hizo zaweza kuelekea pande zinazopingana. Mvua nayo ndiyo inayoamua nani atapokea mzigo, kwa kuwa huiosha hewa na kuumwaga uchafu chini.

Baada ya hapo ndipo huja hesabu iliyobadili siasa za Ulaya. Wataalamu huendesha modeli kwa vyanzo vyote vya bara zima, kisha huiendesha upya wakiwa wamepunguza kwa asilimia 15 uchafu wa nchi moja tu, na kulinganisha majibu. Tofauti inayoonekana Norway, Ujerumani au Poland ndiyo mchango wa nchi hiyo. Wakirudia kwa kila nchi, hupata jedwali kubwa linaloonyesha nani anampa nani kiasi gani. Wataalamu wenyewe hulitania kwa kuliita jedwali la lawama, na EMEP huchapisha majedwali hayo kila mwaka.

Mwanzoni jedwali halikutosha. Itifaki ya Helsinki ya mwaka 1985 ilizitaka nchi zote zipunguze salfa kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 1993, zikilinganishwa na mwaka 1980, bila kujali nani alimuumiza nani. Uingereza, Poland na Marekani hazikuitia saini.

Itifaki ya Oslo ya mwaka 1994 ilikuwa tofauti. Ilitumia modeli iitwayo RAINS, iliyoundwa Laxenburg, Austria, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1972 ili wanasayansi wa Mashariki na Magharibi waweze kufanya kazi katika nyumba moja wakati wa Vita Baridi. Modeli hiyo iliunganisha moshi, upepo, uwezo wa udongo kuvumilia tindikali na gharama za kusafisha mabomba, kisha ikapendekeza kiwango tofauti kwa kila nchi. Tangu mwaka 1990, salfa dayoksaidi inayotoka katika nchi za Umoja wa Ulaya imepungua kwa zaidi ya asilimia 70. Kufungwa kwa viwanda chakavu vya Ulaya ya Mashariki kulichangia pia, wala si haki kuipa kompyuta sifa zote.

Viatu vilivyopiga kengele

Asubuhi ya Aprili 28, 1986, mfanyakazi wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Forsmark, Sweden, alipita kwenye kifaa cha kukagua mionzi na kengele ikalia. Mionzi ilikuwa kwenye viatu vyake. Alikuwa ameitoa nje, si ndani ya kituo.

Wataalamu wa hali ya hewa walirudisha nyuma mkondo wa upepo na kuona kuwa ulitoka upande wa Umoja wa Kisovieti. Jioni ya siku hiyo Moscow ikatangaza kwamba kulikuwa na ajali katika kinu cha Chernobyl, kiasi cha kilomita 1,100 kutoka Forsmark. Ajali yenyewe ilikuwa imetokea usiku wa kuamkia Aprili 26.

Siku chache baadaye wingu hilo lilifika Uingereza likakutana na mvua katika milima ya Cumbria, Wales na Scotland. Mionzi ikashuka kwenye majani, kondoo wakayala, na vizuizi vya kuuza kondoo wa mashamba hayo vilidumu hadi mwaka 2012 ndipo vya mwisho vikaondolewa. Miaka 26, kwa manyunyu ya siku mbili tatu.

Waingereza walikuwa wameona kwamba hawana chombo cha kuwaambia wingu lingefika lini na wapi. Ndipo NAME ilipoundwa. Tangu wakati huo imetumika kwa mambo mengi, na kwa sehemu kubwa ya umma haikujulikana kabisa mpaka wiki ile ya Aprili 2010.

Ubishi juu ya majivu

Hofu ya marubani juu ya majivu haikuwa ya kubuni. Juni 24, 1982, ndege ya British Airways ilizimika injini zote nne ilipoingia katika majivu ya mlima Galunggung, Indonesia. Desemba 15, 1989, ndege ya KLM ilipatwa na mkasa ule ule juu ya Alaska. Zote mbili zilifanikiwa kuwasha injini tena na kutua. Katika miaka ya 1990 dunia iligawanywa kwa vituo tisa vya kutoa tahadhari ya majivu. Cha London kinashughulikia eneo la Iceland, na cha Toulouse, Ufaransa, ndicho kinachotazama anga ya Afrika, ikiwa ni pamoja na milima yetu kama Ol Doinyo Lengai.

Kanuni iliyokuwapo mwaka 2010 ilikuwa fupi: penye majivu, ndege isipite. Haikutaja kiasi. Kwa hiyo modeli ilipoonyesha doa la majivu, hata kama yalikuwa membamba kiasi gani, anga ilifungwa. Takriban safari 100,000 zilifutwa, na chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kilikadiria hasara ya dola bilioni 1.7.

Mashirika ya ndege yalikasirika. Yalirusha ndege za majaribio bila abiria, yakasema hazikudhurika, na mkuu wa IATA wakati huo, Giovanni Bisignani, akazilaumu serikali kwa kuamua mambo kwa modeli za nadharia badala ya vipimo.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, lawama hiyo ilikuwa na ukweli nusu. Upepo modeli iliujua vizuri. Ilichokisia ni kiasi cha majivu kilichokuwa kikitoka mlimani, na kiasi hicho hukadiriwa kutokana na kimo cha wingu. Uhusiano wake ni mkali: kiasi cha majivu hukua kwa takriban kipeo cha nne cha kimo. Ukikosea kimo kwa asilimia 20 tu, makadirio ya majivu huongezeka maradufu. Na kimo kilitegemea hasa rada moja ya Keflavik.

Kilichobadilika usiku wa Aprili 20 si modeli bali kanuni. Watengenezaji wa injini na wadhibiti wa anga walikubaliana kwamba ndege inaweza kupita mahali penye majivu yasiyozidi miligramu mbili kwa mita ya ujazo, na mwezi uliofuata Uingereza ikaruhusu hadi miligramu nne kwa masharti. Waridi za Naivasha zikaanza kuondoka tena. Kwa waliokuwa wamepoteza vibarua vyao, swali la kwa nini kiwango hicho hakikuwekwa kabla ya mlima kulipuka halikupata jibu la kuridhisha.

Afrika Mashariki haikukaa muda mrefu kabla ya kuonja mambo hayo karibu zaidi. Juni 2011 volkeno ya Nabro, Eritrea, ililipuka, na aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Hillary Clinton, aliyekuwa ametoka Dar es Salaam, akalazimika kukatisha ziara yake Addis Ababa kwa sababu ya majivu. Novemba 23, 2025 ikawa zamu ya mlima Hayli Gubbi nchini Ethiopia: majivu yake yalivuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman, yakafika kaskazini mwa India, na ndege kadhaa zikafutwa huko.

Kaskazi, kusi na moshi wetu

Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na modeli yao kabla ya kompyuta. Walijua kwamba kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, huleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi huyarudisha. Kilichobebwa na pepo hizo sasa si majahazi pekee.

Kati ya Januari na Machi 1999, mradi wa kimataifa uitwao INDOEX, chini ya wanasayansi Veerabhadran Ramanathan na Paul Crutzen, ulipima wingu la rangi ya kahawia lililotanda kutoka Asia ya Kusini na kuenea juu ya Bahari ya Hindi hadi karibu na Ikweta. Lilikuwa na masizi, salfa na vumbi, na lilisafiri kwa kaskazi. Katika kituo cha kupima hewa cha Mlima Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1999 kwenye kimo cha mita 3,678, hewa ya majira hayo huwa na alama za hewa itokayo upande huo wa kaskazini-mashariki.

Nasi tunatoa. Takriban asilimia 70 ya ardhi inayoungua kila mwaka duniani iko Afrika, sehemu kubwa ikiwa ni savana na mashamba yanayochomwa kabla ya kilimo. Kusini mwa Ikweta moto huwaka zaidi kati ya Mei na Oktoba. Septemba 2000, watafiti wa mradi wa SAFARI 2000 waliona kile walichokiita mto wa moshi: mkondo wenye upana wa mamia ya kilomita ukitiririka kutoka upande wa Zambia na Angola, ukipita kusini mwa bara na kumwagika Bahari ya Hindi.

Katika Kivu, volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya salfa dayoksaidi duniani. Upepo wa huko aghalabu hutoka mashariki, hivyo wanaoumia zaidi ni wakazi wa vijiji vya magharibi mwa milima hiyo, ambao hukinga maji ya mvua ya kunywa.

Nchi za kanda hii zilikubaliana mjini Nairobi mwaka 2008 juu ya mfumo wa pamoja wa kukabili uchafuzi wa hewa. Jedwali la nani anampa nani, kama lile la Ulaya, halikuambatana nao. Asia ya Kusini-Mashariki imeonja ugumu huo: baada ya moshi mkubwa wa mwaka 1997, mkataba wa ASEAN ulitiwa saini mwaka 2002, lakini Indonesia, penye moto mwingi zaidi, iliuridhia mwaka 2014.

Kwetu tatizo la kwanza ni takwimu za kuanzia. Upepo wa Tabora na Gulu hukokotolewa na kompyuta zile zile zinazokokotoa wa Paris. Huduma ya Copernicus ya Ulaya hutoa utabiri wa hewa chafu wa dunia nzima mara mbili kwa siku, na programu ya HYSPLIT ya Marekani iko wazi kwenye intaneti, mtu yeyote akiweza kuchagua mji wake na kuona hewa aliyoivuta jana ilitoka wapi. Lakini magunia ya mkaa yanayoungua Manzese au Kibera kila jioni, takataka zinazochomwa uani na jenereta zinazowashwa umeme unapokatika huingizwa kwa makadirio.

Vipimo vya kuyasahihisha ni vichache, ingawa vinaongezeka. Tangu mwaka 2015, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vifaa vya bei nafuu vinavyofungwa kwenye nguzo, kuta na hata bodaboda za Kampala, na baadaye katika miji mingine ya Afrika. Penye kifaa, modeli inaweza kupatikana na kosa na kurekebishwa. Katika maeneo makubwa ya magharibi mwa Tanzania, ambako moshi wa Agosti hupita, kazi hiyo bado hufanywa na setilaiti, inayoutazama moshi kutoka juu bila kujua ni kiasi gani chake kimefika mtu anapopumua.